Moshi Kwenye Sura ya Bibi Harusi

Bibi harusi alinirushia albamu kifuani. "Huu moshi usoni kwangu umetoka wapi?"

Nikaangalia. Kweli jamani, kila picha ilikuwa na utando mweupe, utadhani nimewapigia jikoni kuni mbichi zinafuka.

Mtaani wakaanza: "Kamera ya yule jamaa ina mashetani." Wateja wakanikimbia.

Kamera yenyewe ilikuwa kongwe, kitufe mpaka ukibembeleze. Lakini ndiyo ilitulisha mimi na mama, ambaye anashona nguo humohumo studio. Cherehani yake upande ule, pazia langu la picha upande huu.

Nikampelekea fundi. Akaiwasha, akachungulia, akaguna.

"Kaka, lenzi imekufa. Kuitengeneza ni kutupa hela. Nunua nyingine, hii niachie nitoe vipuri."

"Hakuna namna kabisa?"

"Nakwambia kama ndugu yangu."

Nilikasirika mpaka kichwa kikauma. Jumamosi nilikuwa na harusi ya binti wa mwalimu mkuu, na nikiiharibu hiyo, nafunga studio.

Ijumaa nikauza pikipiki, nikanunua kamera mpya. Ile kongwe nikamwachia fundi bure. Nikaijaribu mpya, picha zikatoka safi. Nikaiacha studio, nikaenda kulala usingizi wa maana.

Jumamosi nikawahi studio kuliko kawaida. Nikamkuta mama anapaka mafuta cherehani kwa kitambaa. Alipomaliza, akachukua kamera yangu mpya, akavua kifuniko, akaanza kusugua lenzi kwa kitambaa kilekile.

"Mama! Unafanya nini?"

Akashangaa. "Si naifuta? Kila asubuhi naifuta kabla hujafika. Kifaa cha kazi kinataka mafuta, mwanangu. Hata ile ya zamani nilikuwa naipaka."

 Nikakaa juu ya rundo la nguo za watu.

Nikaisafisha haraka, nikawahi harusi, picha zikatoka vizuri. Jumatatu nikaenda mbio kwa fundi. Kamera yangu kongwe iko kwenye kabati la kioo, inauzwa, imeandikwa "nzima kabisa".

"Uliitengeneza nini?"

"Nilifuta kioo tu," akajibu, wala hana aibu.

Ndugu zangu, kabla hujauliza utengeneze au ununue, uliza kwanza ni nani anaishika ukiwa haupo.

Siku hizi kamera nafungia kabatini. Mama kaninunia, anasema nimeanza kuringa. Na harusini naenda kwa miguu.