Mnara wa Wasichana Sita

Siku yangu ya kwanza kazini nilichekwa mpaka nikatamani kuvaa buibui langu nirudi nyumbani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nami nna miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimetoka kufundishwa mazoezi ya viungo na Bibi Mkaguzi, mwanamke wa Kiingereza aliyesimamia mafunzo ya wasichana. Miezi sita alitupanga mistari akatupigia filimbi, na tulipomaliza kila mmoja alipewa filimbi yake. Mimi nikapelekwa kwenye klabu ya mazoezi ya wanawake, ndani ya nyumba moja ya zamani katika Mji Mkongwe. Mazoezi yalifanywa kwenye behewa, ule uwanja wa katikati ya nyumba usio na paa. Wanachama walikuja na mabuibui yao, wakayatundika kwenye misumari ukutani, mlango ukatiwa komeo, na hapo hapana mwanamme yeyote aliyeweza kuwaona.

Basi nilisimama mbele ya wasichana na wanawake kama thalathini, nikapiga filimbi, nikapaaza sauti kama nilivyofundishwa: "Mguu sawa!"

Behewa zima likaangua kicheko. Mmoja alikaa chini kabisa, ameshika mbavu.

Kiongozi wa klabu tulimwita Bi Mkuu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani, aliyekuwa akikaa kwenye kiti cha mikono pembeni, na kila kitu alikiona. Aliniita.

"Zuhura."

"Naam, Bi Mkuu."

"Askari wako wako wapi?"

"Sina askari, Bi Mkuu."

"Sasa ukelele ule ulikuwa wa nani? Hawa wengine wametoka jikoni, wengine wametoka kunyonyesha. Waite kama unavyowaita watu kuja kula. Watakuja."

Nilirudi mbele, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Karibuni, tusimame." Wakasimama. Filimbi niliitia mfukoni.

Vijana wa leo wanadhani mazoezi ya viungo ni kuruka ruka tu. Ilikuwa kazi yenye utaratibu wake. Tulianza kwa kupasha mwili, yaani kutembea na kuzungusha mabega mpaka damu ichemke, kwani kiungo kilicho baridi huvutika vibaya. Kisha tulifuata hesabu, moja mpaka nane, kila namba na mwendo wake. Mwalimu mbaya huhesabu kwa haraka ya mdomo wake. Bi Mkuu alinifundisha kuhesabu kwa pumzi: mkono ukipanda watu wanavuta, ukishuka wanashusha. Baada ya hapo tulishika rungu, vipande viwili vya mti vilivyochongwa vyembamba shingoni, tukavizungusha kwa pamoja. Mwisho ndipo lilipokuja daraja, mtu kujipinda nyuma mpaka viganja viguse sakafu.

Mgogoro mkubwa mwaka ule wa mwanzo ulikuwa nguo. Bibi Mkaguzi alitaka wasichana wavae kaptura. Alikuja siku moja akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Bi Mkuu, mguu lazima uwe huru."

"Mguu utakuwa huru," Bi Mkuu akamjibu. "Lakini wazazi wakisikia kaptura, mguu hautatoka nyumbani."

Akamwonyesha suruali aliyoishona mwenyewe, pana mapajani, imebana kifundoni kwa marinda, kama zile walizovaa bibi zetu. Bibi Mkaguzi aliigeuza geuza, akanambia niivae nifanye daraja. Nikafanya. Akacheka, akaridhika, na kuanzia hapo hakuna mzazi aliyepata la kusema kuhusu mavazi yetu.

Baada ya miaka miwili nilihamishiwa Matemwe, kijiji cha pwani, kuanzisha darasa la wanawake wa huko. Nilikwenda na rungu zangu ndani ya gunia, nna maringo ya mjini. Nilipokelewa na Bi Mize, mama wa makamo aliyekuwa akifanya na wenzake kazi ya makumbi, yale maganda ya nje ya nazi: wanayafukia mchangani pwani mpaka yaoze, wanayafukua, wanayaponda kwa mchi, kisha wanasokota kamba. Kutwa nzima kazi ya kuinama.

Siku ya kwanza walikuja wanawake kumi na wawili. Nikawaambia tutaanza kwa kuinama na kugusa vidole vya miguu. Wakatazamana.

"Mwanangu," Bi Mize akasema, "umetoka mjini kuja kutufundisha kuinama? Sisi tangu asubuhi tumeinama."

Nilimuuliza kwa upole, "Basi, Bi Mize, mwataka kufundishwa nini?"

"Tufundishe kunyooka."

Kesho yake nilikwenda nao pwani. Nikatazama jinsi walivyoketi, jinsi walivyoinua mchi, jinsi walivyojitwisha mizigo. Niliona kwamba shingo zao zilikuwa imara kuliko yangu, na mwendo wao umetulia, lakini viuno vilikuwa vimechoka. Nikatupa somo la Bibi Mkaguzi, nikatunga jingine: kulala chali na kukumbatia magoti, kuegemea ukuta na kunyanyua mikono, kunyanyua mzigo kwa nguvu ya mapaja badala ya kiuno. Nao walinifundisha kutembea na ndoo ya maji kichwani bila kuishika. Nilirowa siku nyingi kabla sijaweza.

Nilipoondoka, Bi Mize alinisindikiza njiani. "Usiku sasa nageuka kitandani bila kulia," alinambia. Nimepata sifa nyingine katika kazi yangu, hapana iliyonifurahisha kama ile.

Nilirudi mjini miaka ya hamsini inakwisha, na mji niliuona umebadilika. Zilikuwa zama za siasa. Watu wa mtaa mmoja waliacha kusalimiana kwa ajili ya vyama. Palikuwa na maduka hawaingii hawa, na maduka hawaingii wale. Hata kwenye maziko mtu alitazama kwanza nani yumo.

Klabu nayo ilikuwa imekua. Bi Mkuu alikuwa mzee sasa, mimi ndiye niliyefundisha siku zote, naye anatazama. Kila mwaka tulifanya maonyesho, tukawaalika mama, mashangazi na majirani, wanawake watupu. Mwaka ule nilitaka kuonyesha mnara: wasichana watatu wamepiga magoti na kushika chini kwa viganja, hao huitwa shina, wawili wamepanda juu ya migongo yao, na mmoja juu kabisa, kilele, anasimama na kufungua mikono. Shina la kati ndilo linalobeba uzito mwingi. Hapo nilimweka Riziki, msichana wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, mwenye mabega ya kuaminika na maneno machache. Kilele nilimweka Salma wa Mji Mkongwe, mwepesi, hodari wa kupanda, mpenda mzaha. Walikuwa wamejiunga na klabu siku moja na wamekuwa marafiki miaka mitatu.

Mwezi ule niliona hawasemezani. Baba zao walikuwa pande mbili za siasa. Salma aliingia bila kumsalimu Riziki, na Riziki alitundika buibui lake msumari wa mbali. Niliona yote. Nikajiambia, haya ya nyumbani, mimi kazi yangu viungo. Tena maonyesho yalikuwa yamebaki wiki tatu.

Alasiri moja nikawaamuru wajenge mnara. Shina wakapiga magoti. Wawili wakapanda. Salma akapanda, akasimama, akafungua mkono mmoja. Nikaliona bega la Riziki limeshuka. Kidogo tu, kama mtu anayeshusha pumzi. Mnara wote ukalala upande, na Salma akaangukia mkono.

Kilio chake bado nakisikia. Tulimpeleka kwa tabibu, akaambiwa mfupa wa mkono umevunjika, akafungwa gango la vijiti. Nilipomfikisha kwao na kurudi klabu, nilimkuta Bi Mkuu yuko palepale kitini.

"Bi Mkuu, mnara umevunjika ghafla," nikasema.

"Haukuvunjika ghafla. Ulivunjika mtu alipoingia mlangoni bila salamu, wewe ukamwona ukanyamaza."

Sikulala vizuri siku zile. Nilifikiri kuacha kazi. Siku ya tatu Riziki alikuja nyumbani kwangu, amevimba macho.

"Mwalimu, nnataka kwenda kumtazama Salma. Lakini watanipokeaje?"

"Kwani ilikuwaje, Riziki?"

"Alipopanda nikakumbuka maneno yanayosemwa nyumbani. Nikawaza, nambebea nini huyu? Bega likalegea. Wallahi sikukusudia aanguke."

"Vaa buibui. Twende pamoja."

Mlango alitufungulia mama yake Salma. Nikamwamkia, akaitika, lakini macho yake yalikuwa kwa Riziki.

"Huyu ndiye aliyemwangusha mwanangu?"

Nilitaka kusema, Riziki akanitangulia. "Ndiye mimi, mama. Nilikuwa nimemkasirikia, nikalegea. Nimekuja kuomba radhi."

"Na kosa kubwa ni langu," nikasema. "Niliwaona hawasemezani, nikawapanga vilevile kwa sababu ya maonyesho yangu."

Mama yake Salma aliushika mlango, hasogei wala hafungi. Nilianza kutafuta maneno ya kuagia. Kisha akasema, "Mwaka huu watu wengi wameingia nyumba hii kunieleza nani mbaya. Hapana hata mmoja aliyekuja akasema mbaya ni mimi." Akamgeukia Riziki. "Umekula?"

"Nshakula, mama."

"Hujala. Uso wako wanambia hujala. Pita ndani."

Salma alikuwa ukumbini, mkono umening'inia kwenye kitambaa. Walitazamana. Riziki akaanza kulia, na Salma akamuuliza, "Mgongo wako mzima?"

"Mzima."

"Ati mzima! Basi nimeumia peke yangu!" Akacheka, na Riziki akacheka huku machozi yanamtoka. Mama aliweka sahani moja ya wali na mchuzi wa papa, wakala wote wawili, Salma kwa mkono wa kushoto, kwani wa kulia ulikuwa kwenye gango, huku akilalamika kwamba Riziki anamaliza vipande vyote vya papa.

Kuanzia wiki ile niliweka sheria. Zoezi la kwanza kabla ya kupasha mwili ni kupeana mikono, kila mtu na kila mtu, kwa jina. Wawili walikataa. Niliwaambia wakae na Bi Mkuu watazame, mlango wa kuingia mstarini uko wazi. Mmoja alikaa siku mbili, wa pili wiki nzima, kisha wakaja.

Maonyesho tulifanya bila kilele. Riziki alikuwa shina la kati, na Salma, na gango lake, ndiye aliyesimama mbele kuhesabu. Alihesabu kwa pumzi, vizuri kuliko mimi. Wageni walikuwa wameketi makundi mawili, wamepeana migongo, kila upande na watu wake. Nisidanganye, hawakuchanganyika, na waliondoka vilevile kama walivyokuja. Siasa hazikuisha kwa ajili yetu. Lakini katika klabu ile, mpaka mwaka unamalizika, hakuna msichana hata mmoja aliyejitoa. Mwaka uliofuata mkono wa Salma ulikuwa umepona, akapanda tena, akafungua mikono yote miwili.

Niliendelea kufundisha miaka mingi baadaye, mjini na shamba, chini ya wakubwa wa kila namna. Wapo waliopenda mistari iliyonyooka, wapo waliopenda wageni wapige makofi. Mimi nilitazama mlango. Mwalimu kijana akija kuniomba ushauri nilimwambia afike mapema, asimame pale watu wanapoingia, asome nyuso, kwani mwili hausemi uwongo lakini husema kwanza kwa ishara ndogo.

Siku niliyostaafu hapakuwa na sherehe kubwa. Tulikunywa chai na vitumbua, nikaagana na wenzangu, nikatembea mpaka nyumbani. Seremala huacha milango, mwashi huacha kuta. Kazi yangu ilikwenda na watu waliotoka mlangoni kila alasiri, wakaichukua miilini mwao wakatawanyika, wengine sijui hata waliko. Sikusikitika. Nyumba yetu ina ngazi za mawe, ndefu, zenye kiza, na katikati yake inaning'inia kamba ya kushikia. Siku ile nilizipanda zote bila kuigusa. Leo naishika, tena kwa mikono miwili, na katikati napumzika. Lakini juu nafika.