Jabali Nyuma, Ziwa Mbele

Fundi mwashi hapimi mlango kabla hajarusha vumbi hewani aone upepo unalipeleka wapi. Kisha huchuchumaa, jabali mgongoni, ziwa usoni, viganja vyenye saruji juu ya magoti. Haambiliki. Nirmala, mwenye kiwanja, amezoea. Leo alimsomea kwenye simu habari za fengshui, elimu ya kale ya Wachina ya upepo na maji: mlima uwe nyuma, maji mbele.

"Kumbe na wao wanajua!" fundi akacheka.

"Ila walianzia makaburini, fundi. Walitafuta mahali marehemu apumzike vizuri."

Kicheko kikakoma. Akaligeukia jabali, akalitazama ziwa, akafuta viganja taratibu.

"Basi marehemu mke wangu nilimlaza vizuri, mama: jabali nyuma, ziwa mbele," alisema akitabasamu, akachukua kamba ya kupimia.