Alto Nyuma ya Kabati

Mme Puseletso, kwetu mme ni mama, alikuwa na picha kumi na moja za marehemu mumewe, lakini sauti ya mume huyo ilikuwa imemtoka kichwani. Aliniambia mwenyewe, tukimenya viazi vya msiba wa jirani hapa Mangaung, Afrika Kusini. "Uso ninao ukutani," alisema. "Sauti ndiyo imeniponyoka. Namwota, anafungua mdomo, hasemi."

Mumewe, Ntate Tshokolo, ntate maana yake baba, alikuwa mwalimu wa kwaya yetu, na balaa la mwalimu wa kwaya ni kwamba kwenye kanda hasikiki. Mimi nilikuwa besi, tena besi mbovu, na nimo. Yeye aliyetufundisha hata kuvuta pumzi hayumo.

Ndipo binti yao, Keneilwe, akaja na habari. Kanda tuliyorekodi kanisani mwaka 1987 ilikuwa imesafishwa upya na kuwekwa mtandaoni, kila sauti mahali pake. Ukipanga spika kuzunguka sebule, unasikia kana kwamba umeketi katikati ya kwaya. Na safari hii hawakukata mwanzo. Mwanzoni ndipo Ntate alipokuwa akipita kundi kwa kundi, akiinama na kutupa noti ya kuanzia kwa mdomo uliofumbwa: besi do, teno so, soprano do ya juu. Alto, alikosimama Puseletso, aliwaweka mwisho. Sote tulijua kwa nini, maana huko alikawia.

Fundi wa spika alikuja, akasema kabati la vyombo lisogezwe. Hapo alikosea. Kwetu unaweza kuomba binti wa mtu ukapewa, lakini kabati la sebuleni huligusi. Hili Ntate alilisukuma ukutani kwa goti lake mwaka waliooana, na halikuwahi kusogea tena. Mme alikataa katakata. Keneilwe, kuepusha shari, akaichomeka spika moja huko nyuma ya kabati na kuomba Mungu.

Jumamosi mchana tukaketi. Keneilwe akabonyeza simu. Tukasikia mguno hafifu mbele, mwingine kushoto, wa tatu kulia, kama mtu apitaye nje ya dirisha. Kisha kimya, halafu wimbo. Niliwasikia besi wangu nikajiona mtu. Mme akainua mkono.

"Alto wako wapi?"

"Wamo, Mama. Labda wako chini kidogo."

"Nimeimba alto miaka ishirini na sita, Keneilwe. Hapa pana shimo."

Keneilwe akatazama kabati, mimi nikatazama viatu vyangu. Mwishowe binti akakiri spika yao ilipo. Nilingoja ugomvi. Mme akainuka, akafungua vioo vya kabati na kuanza kutoa sahani. Tulizipokea moja moja mpaka kitanda kikajaa vyombo. Tukasukuma. Kabati likakwama mlangoni mwa jikoni, likagoma kwenda mbele na kurudi nyuma.

"Liacheni," alisema Mme. "Weka tena mwanzo."

Besi. Teno. Soprano. Kisha, nyuma ya bega la kulia la Mme, mtu akakohoa kidogo kusafisha koo, kikohozi tulichokuwa tukikiigiza kumcheka, na Ntate Tshokolo akatoa noti ya alto, mi. Aliishikilia muda mrefu kuliko alivyoshikilia zetu. Mme hakugeuka. Nadhani aliogopa, kwa sababu hata mimi niliogopa. Alifumba macho, akaipokea ile mi, na kwaya ilipoanza akaingia na wenzake, hakuchelewa hata nusu pigo. Nililia, na sioni kwa nini nifiche.

Kabati liko pale pale mlangoni mpaka leo. Anayetaka kwenda jikoni hutoka nje akazunguka nyumba. Juzi Keneilwe aliuliza tutalirudisha lini mahali pake.

"Wazunguke, miguu wanayo," akasema Mme. "Pale ukutani pana mtu."