Uyoga wa Nguzo za Mgodini

Nilikuwa mke mgeni katika laini za wafanyakazi wa mgodi wa dhahabu, upande wa Geita, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Kwetu ni Shinyanga, nchi kavu ya ng'ombe na mtama, na kabla ya kuolewa sikuwahi kuishi mahali ambapo ardhi inatetemeka. Kule ilitetemeka kila alasiri. Walipolipua miamba huko chini, sufuria ziligongana ukutani, vumbi likadondoka kutoka kwenye bati, kisha kimya. Majirani waliendelea kusukana nywele na kubishana juu ya zamu ya bomba. Mimi nilikuwa nikikaa chini nikashika sakafu kwa mikono miwili, kana kwamba nikiiachia itaondoka.

Aliyenizoesha ni jirani wa chumba cha pili. Alikuwa Mzinza wa pande za Nkome, ziwani, mkubwa kwangu kidogo, nami nilimwita dada. Hakuwa na mtoto. Mumewe alikuwa Msukuma wa Kharumwa, fundi wa nguzo: kazi yake ilikuwa kuchonga magogo na kuyasimamisha chini ya ardhi yashikilie paa la mwamba, watu wapite. Mtu wa mzaha. Kila nguzo aliyoisimamisha aliichanja alama yake kwa shoka, mikato mitatu iliyofumbuka kama unyayo wa kuku. Alisema wachimbaji wakiuona unyayo huo wanajua wanaweza kula chakula chao hapo bila kutazama juu.

Siku aliyofunikwa na mwamba, ardhi haikutetemeka hata kidogo. Ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Tulikuwa tunachambua mchicha mlangoni kwa dada, jua liko utosini, king'ora kikalia saa isiyo yake. Dada aliweka ungo chini taratibu, akasema, "Ni kwangu." Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia neno.

Wenzake walitoka. Yeye hakutoka. Walichimba kumfuata mpaka mwamba wa juu ukaanza kunguruma nao, wakubwa wakasema basi, haifai kuongeza wengine. Njia ile wakaiziba kwa mawe, naye yumo.

Ndugu zake walifika kutoka Kharumwa, wanaume watupu. Kaka yao mkubwa alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya chini. Aliketi kwenye kigoda akaeleza shida yao: mwili haupo, kaburi halipo, na bila kaburi msiba wao haufungwi. Wafiwa hawanyoi, mjane hatoki msibani, na marehemu mwenyewe hajui kama ameshaagwa. Akashauri wafanye kama watu wengine wafanyavyo mwili ukikosekana: wazike shina la mgomba.

Dada alikuwa ameinama muda wote. Hapo akainua kichwa.

"Sitazika mgomba, shemeji. Mgomba haukumjua."

"Sasa tuzike nini, mke wetu?"

"Sijui. Niacheni nifikiri."

Waliondoka na nywele zao vile vile. Mnyapara wa laini alimruhusu dada abaki kwenye chumba mpaka mvua zianze, maana chumba kilikuwa cha kazi, na kazi ilikuwa ya mumewe.

Sasa, kabla ya kuziba ile njia, watu wa mgodi walikuwa wameng'oa nguzo za mdomoni wasizipoteze. Nyingine zilikuwa zimeoza kwa unyevu, zikatupwa nyuma ya karakana, nasi tukaambiwa tuchukue kuni. Wanawake wengi hawakuzitaka. Dada alinichukua tukaenda asubuhi, akawa anazigeuza moja moja, anapapasa kwa vidole kama mtu anayetafuta uso wa ndugu gizani. Alizotaka ni zile zenye unyayo wa kuku tu.

Tulipoifikisha moja nyumbani akaipasua. Ndani haikuwa rangi ya mti. Ilikuwa nyeupe, imejaa nyuzi laini kama tandabui, na ilinukia vizuri, harufu ya unga mbichi. Nilirudi nyuma.

"Usiogope," akasema. "Ni mbegu ya uyoga hii. Kwetu ziwani mti unaotoa uyoga hatuuachi porini. Mama alikuwa akibeba kipande anakiegemeza karibu na mtungi wa maji, tunachuma nyumbani. Ni kama hamira. Ukiipa chakula, inakwenda."

Chakula chenyewe tulikikusanya siku kadhaa. Makapi ya pamba yaliletwa kutoka jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, na dereva aliyemjua marehemu. Makapi ya mtama nilipepeta mimi. Pumba ya mahindi tuliomba kwa majirani. Dada aliyachemsha makapi kwenye pipa, akayaipua na kuyatandaza juu ya mkeka yachuje, na kipimo chake kikawa kikombe cha bati cha mumewe. Kwa kila debe la makapi, kikombe kimoja cha pumba, kimekatwa juu kwa kiganja kisiwe na kilima.

"Ukizidisha pumba," alisema, "anapata homa, anaoza."

Kisha akachota konzi ya makapi, akakamua. Yalitoka matone machache kati ya vidole. "Hivi. Yakichuruzika, atazama. Yasipotoka kabisa, atakufa kiu."

Ndipo nikasikia. Uyoga hausemwi hivyo. Husemwa utazama, utakufa kiu. Mwanzoni nilidhani ni Kiswahili cha kwao, maana hata sisi Wasukuma tulikuwa tunakivunja kila mmoja kwa namna yake. Lakini pumba aliisema sawasawa, na makapi, na maji. Ni hicho kimoja tu alichokiita kama mtu.

Tulisubiri makapi yapoe mpaka yawe na uvuguvugu wa mwili. Mbegu ikikutana na moto hufa. Halafu tukaufikicha ule mti mweupe kwa mikono, tukaanza kupanga ndani ya vyungu vilivyotobolewa ubavuni: tabaka la makapi, konzi ya mbegu, tabaka la makapi, konzi ya mbegu. Alinikemea niliponyunyiza kidogo. "Mbegu ikiwa haba, ukungu wa kijani utamtangulia. Mpe ndugu wengi." Kibanzi chenye ule unyayo hakukifikicha. Alikizika kizima katikati ya chungu kikubwa, akakishindilia kwa ngumi.

Tulikuwa tumepiga magoti, mikono imo ndani mpaka viwiko, nikahisi kitu chini ya sakafu. Hakikuwa mlipuko. Mlipuko ulikuwa bado, jua lilikuwa la asubuhi. Ni mdundo mmoja mdogo, halafu mwingine, kama mtu anayepiga gogo kwa kisigino cha shoka kulijaribu kama limekaa. Ulinipandia kwenye magoti.

Dada alisimamisha mikono. "Umesikia?"

"Sijasikia kitu," nikajibu, na makapi yalikuwa yanadondoka kwenye vidole vyangu.

Akaendelea kushindilia.

Vyungu akavifunika kwa vipande vya kaniki, dirisha akaliziba kwa gunia, na chumba kile kikawa cha vyungu. Yeye alihamia kulala kwenye kibanda cha jiko. Mara kwa mara nilikwenda kumsaidia kurusha maji. Kwanza hakikuonekana kitu. Baadaye weupe ukaanza kutoka kwenye kila konzi ya mbegu, ukatambaa, ukakutana na mwingine, mpaka makapi yote yakawa yamefungwa pamoja kama kwa shuka. Ukiweka kiganja juu ya chungu ulikuta kina joto. Chumba chenyewe kilikuwa na joto, joto la chumba ambacho mtu ametoka kulala sasa hivi. Dada alikuwa anaweka sikio kwenye chungu kikubwa, amefumba macho. Sikuthubutu kumwuliza anasikia nini.

Siku moja mchana alikwenda bombani, nami nikaingia peke yangu na kopo la maji. Nikaufungua mlango. Nuru ikaingia mbele yangu, nikaona vidole.

Ninasema vidole kwa sababu sina neno jingine. Vilitoka kwenye matundu ya vyungu, vimekonda, virefu, vimepauka, bila kofia wala mwavuli wowote, vimeshikana chini kama vinavyotoka kwenye kiganja. Na vyote, vya kila chungu, hata vya vyungu vya nyuma ukutani, vilikuwa vimepinda kuelekea upande mmoja. Vilielekea mlangoni, palipokuwa na ufa wa nuru chini ya ubao. Vilinielekea mimi.

Nilipiga kelele hata wanawake wa bombani wakaja mbio. Waliochungulia walitoka wakitema mate. Dada aliingia akachuchumaa mbele ya chungu kikubwa, akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonitisha kuliko vidole.

"Anatafuta njia," alisema.

Jioni ile kabla ya giza mume wangu alikwenda kutazama. Alikuwa wa kinu cha kusagia mawe, lakini alishawahi kushuka chini. Alirudi akanawa mikono ingawa hakushika kitu. Akaniambia kwamba huko chini, kwenye njia za zamani, nguzo huota vitu kama hivyo, na wachimbaji hupita mbali navyo. "Mwambie aufungue mlango," alisema. "Na dirisha. Kitu chochote kikikosa hewa kinakuwa hivyo."

Sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kwenda. Tangu siku ile watu walikuwa wanazunguka nyuma ya karakana ili wasipite mbele ya chumba chake.

"Dada," nikamwambia, "kama anatafuta njia, mbona umemzibia?"

Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeamshwa. Kisha akasimama, akalivuta gunia dirishani kwa mkono mmoja, misumari ikaruka, na upepo ukaingia. Tukakata vile vidole vyote kwa kisu tukavifukia. Alilia wakati wa kukata. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona analia tangu king'ora.

Baada ya hapo tulirusha maji na kuacha dirisha wazi. Uyoga uliotoka mara ya pili ulikuwa uyoga. Ulipangana mmoja juu ya mwingine kama masikio, mpana, wa kijivu, na mbavu nyeupe chini yake. Chungu kikubwa ndicho kilichobeba zaidi. Dada aliutazama asubuhi nzima, halafu akamtuma mtu Kharumwa.

Wale ndugu walifika mawingu ya kwanza yakiwa yameanza kujikusanya. "Mwangaluka," akasalimu kaka mkubwa mlangoni, nami nikaitika kwa niaba ya mwenyeji, maana alikuwa jikoni anasonga ugali. Tulikaa kwenye mkeka. Dada akaleta ugali wa mtama, na uyoga kwenye bakuli, umeungwa kwa karanga. Hakuuweka chini. Alisimama nao.

"Shemeji zangu, sitawaficha. Uyoga huu umeota kwenye nguzo aliyoisimamisha ndugu yenu, nguzo ya njia ile ile alimo yeye. Alama yake imo ndani ya chungu, mkitaka nitawaonyesha. Sina mwili wa kuwapa. Hiki ndicho kilichotoka huko."

Nilisikia karanga zikitokota bado kwenye bakuli.

"Wewe umeshaonja?" akauliza kaka mkubwa.

"Bado. Nilikuwa nawangoja ninyi."

Mzee alinyoosha mikono, akalipokea bakuli kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Alimega tonge, akachovya, akala. Alitafuna polepole sana. Kisha machozi yakamtoka huku anatafuna, na hakuacha kutafuna wala hakuyafuta. Wadogo zake wakafuata. Dada akala. Nami nikala, maana kukaa pale bila kula kungekuwa kuwakana. Ulikuwa mtamu, mgumu kidogo kwenye meno kama nyama ya kuku wa kienyeji. Niliumeza, na mpaka leo nikiukumbuka sijui kama nilikuwa naogopa au naheshimu.

Alasiri, walipolipua, ardhi ikatetemeka na vyombo vikalia. Mzee akaweka kiganja chake sakafuni mpaka pakatulia. "Haya," alisema. "Tumemuaga." Wakatoka nje, wakanyoana nywele kwa wembe mmoja, dada wa mwisho. Vyungu walivibeba wenyewe mpaka kwenye yale mawe yaliyoziba njia, wakavipanga pale na kuviacha. Kilichobaki kati yao na dada walikiongea kwa upole: hawakumdai arudi Kharumwa. Alikwenda kwao ziwani na mvua ya kwanza, mzigo wake ukiwa mdogo wa kubebwa kichwani.

Miaka michache baadaye, mimi na mume wangu tukiwa tumehamia Nyasubi, nilipata safari ya Nkome kununua dagaa. Nilimkuta dada ufukweni. Alikuwa amenenepa, ana mtoto mgongoni, anaanika dagaa kwenye mchanga. Tulishikana mikono tukacheka bila kusema la maana. Nilitaka kumwuliza mambo mengi, lakini wingu lilikuwa linakuja kutoka ziwani, jeusi, limeinama.

"Mdogo wangu," akasema, "usisimame hivyo. Shika ungo, dagaa wasilowe."

Nikavua viatu, nikashika ungo.