Chakula cha Paka wa Mama Kapinga

Enzi zetu kule Kapata, paka hakuwa na mfuko wake wa chakula wenye picha. Alikula tulichokula, na asiposhiba, panya walikuwepo. Leo binti yangu anampakia paka wetu kwenye pikipiki ya taxi-moto hadi kwa daktari wa mifugo kule Manika, anarudi na biskuti alizoandikiwa na daktari, halafu anazipiga picha kwanza, mnyama akingoja na njaa yake. Mimi nachukua biskuti moja, naivunja, nainusa. "Maman, unafanya nini?" Napima, mwanangu. Hajui kwamba kazi hii nilifundishwa zamani.

Nakumbuka nyumba zetu za kampuni ya madini zilivyopangana mstari mmoja, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, na king'ora cha mgodini kilichotuambia saa ya kuamka na saa ya tata, baba yetu, kurudi kutoka kazini. Tuliruka kamba barabarani mpaka mama apaze sauti kutuita kwenye ugali: "Batoto, bukari inapoa!" Ng'ambo ya ukuta wetu aliishi rafiki yangu Kapinga. Wazazi wake asili yao ni mkoa wa Kasai, mbali na kwetu, lakini yeye alizaliwa hapa hapa, hospitali ileile niliyozaliwa mimi. Mama yake alisonga bukari ya mahindi iliyochanganywa na unga wa muhogo. Yetu ilikuwa mahindi matupu, nyeupe pe. Kila adhuhuri harufu ya ule muhogo iliruka ukuta ikaja kutuita, na sisi watoto tulikula huku na huku bila kuulizwa. Walikuwa na paka jike wa rangi ya kutu, tukamwita Madamu, maana alitembea kama mke wa injinia anayekwenda kanisani. Wee, yule paka alikuwa na maringo!

Kisha mambo yakaharibika. King'ora kikaanza kuruka siku, mposho wa unga kutoka kampuni ukapungua hadi ukakatika, Wazungu wakafunga nyumba zao wakaenda. Sokoni yakaanza maneno kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Asubuhi moja vijana wenye fimbo wakafika kwa kina Kapinga, wakawapa mpaka jioni wawe wameondoka. Jirani zetu wakaanza safari ya kwenda stesheni kungojea gari ya moshi, na mizigo kichwani. Mama Kapinga alipita mlangoni petu, akaacha debe la unga wa muhogo lililomshinda kubeba, akamweka Madamu mikononi mwa mama yangu.

"Umuchunge, dada. Bitu bikitulia tutarudia."

Kapinga alinishika kidole, akakiachia.

Madamu akagoma kula. Alilala kwenye kizingiti cha nyumba yao iliyofungwa, tukampelekea samaki wa ndakala, tukampelekea mboga ya sombe, hata kipande cha nyama kilichotolewa kwenye sahani ya tata. Alinusa akageuza uso. Mbavu zikaanza kuhesabika. Nililia sana. Kapinga akirudi akakuta paka amekufa, nitamwambia nini?

Tata akamwita daktari wa ng'ombe wa shamba la kampuni, mzee mpole aliyeishi nyuma ya nyumba yetu. Akamfungua Madamu kinywa, akambonyeza tumbo. "Hana ugonjwa. Bamupatie chakula ya nguvu." Akatuletea mfuko wa biskuti za paka uliosahaulika katika nyumba ya Mzungu mmoja, na akatufundisha kuzipima. Ivunje: ikilia kah, haijaingia unyevu. Iloweke katika maji ya vuguvugu: ivimbe, isiwe uji. Inuse: itoe harufu ya samaki, si ya mafuta ya juzi. "Na kesho muangalie mavi yake," akamalizia, na sisi tukacheka mpaka tukakaa chini. Biskuti zilifaulu mitihani yote. Kaka yangu alijaza kiganja akatafuna, akasema ni tamu, zimekosa chumvi tu. Madamu peke yake ndiye aliyezikataa.

Ndipo adhuhuri moja mama alipofunga madirisha yote na kulivuta lile debe. Siku zile harufu ya muhogo wa watu wa Kasai ikitoka nyumbani kwako, ilitosha kuleta vijana wenye fimbo kuuliza umemficha nani. Tata alisimama mlangoni mwa jiko.

"Unataka batuchomee nyumba?"

"Ni ya paka," mama akajibu, akaendelea kusonga.

Harufu ikajaa nyumba nzima, ikapenya chini ya mlango. Madamu aliinuka kule kizingitini, akaja polepole akiyumba, akakwaruza mlango wetu. Mama alimkatia tonge, akalipoza kwa pumzi, na paka akala mkononi mwake. Hapo mama yangu, ambaye hakuwa ametoa chozi siku ile kina Kapinga walipoondoka, alikaa sakafuni akalia kwa sauti. Tata akatoka mlangoni, akanawa mikono, akaketi karibu naye, akamega.

Tangu siku hiyo tulipikiwa ile bukari, na kila mara mama alisema ni ya paka, ingawa sufuria ilitosha nyumba mbili. Debe lilipokwisha alitafuta unga mwingine. Madamu akazeeka, akafa, tukamzika chini ya mpapai. Wiki iliyofuata mama akachanganya unga uleule, na hakuna aliyemuuliza kitu. Gari ya moshi haijamrudisha Kapinga hata leo.

Siku hizi vumbi ni lilelile, lakini king'ora hatukisikii, na kuta zimepanda hadi hujui jirani amekula nini. Biskuti za daktari wa Manika ni nzuri, nimezipima, zinalia kah. Lakini Jumapili nachanganya mahindi na muhogo, na binti yangu, macho kwenye simu yake, anauliza nimejifunza wapi bukari ya namna hii.

"Ni ya paka," namwambia, na madirisha nayaacha wazi.