Siku Tereza Alipomkaripia Shamila

Siku Matonya alipomwona Shamila kwa mara ya kwanza, mwanamke huyo alikuwa anashuka kwenye lori la vibarua wa zabibu pale Makutupora, anacheka na watu asiowajua. Kabla jua halijazama alikuwa ameshawasalimia wazee wote wa mtaa kwa Kigogo cha kubabaisha: "Mbukwenyi!" Matonya, mzaliwa wa hapo, mtu wa kuona haya hata kuuliza bei ya chumvi, alibaki mdomo wazi.

Mavuno yalipokwisha, vibarua wenzake walirudi kwao Chemba. Yeye akapanga chumba kwa Bibi Hilda, mzee mmoja wa pale mtaani. Akapika mlenda kama wenyeji, akatembea kama wao. Kisandawe chake, ile lugha inayopiga vidoko vya ulimi, akakificha, maana watoto waliwahi kumcheka.

Lakini kila ulipotokea msiba, wanawake walimwekea kiti kivulini na kumletea sahani yake peke yake. Ndiyo heshima ya mgeni. Wenyeji hukaa chini, huchota maji na kugombana jikoni. Miaka ikapita, hali ikawa ileile.

"Kaka," alimwuliza Matonya siku moja, "hivi nifanye nini ndipo waniache nioshe hata masufuria?"



Kisha Bibi Hilda akafariki.

Shamila alikwenda moja kwa moja jikoni. Tereza, mwenye ulimi mkali kuliko wote pale mtaani, ndiye aliyesimamia upishi. "Kaa pale kivulini, mgeni wetu, usijichoshe," akamwambia kwa upole.

Upole ule ulimvunja moyo. Shamila aliketi kwenye majivu, akamlilia Bibi Hilda kwa Kisandawe, vidoko vikipasuka kama kuni mbichi motoni. Safari hii hakumwiga mtu. Matonya, mzigo wa kuni begani, alisimama palepale kumsikiliza. Miaka yote ile hakujua kwamba mwanamke huyu alikuwa na sauti kubwa namna ile ndani yake.

Tereza akafuta macho kwa khanga, akamsukumia mwiko.

"Wewe Shamila! Utalia mpaka ugali uungue? Songa! Mwenzio mikono inaniuma tangu asubuhi!"

"Unga wenyewe mmetia kiduchu, huu ugali au uji?" Shamila akajibu, machozi yanamtiririka.

"Haya, fundi, ongeza!"

Matonya hajawahi kuona mtu akikaripiwa na uso ukamng'aa vile.

Mwaka jana mama yake Shamila aliugua, naye Shamila akaitwa Chemba kumwuguza, na mpaka leo hajarudi. Siku anaondoka, Matonya ndiye aliyembebea mzigo hadi barabarani. Shamila akapanda basi, akatoa kichwa dirishani.

"Kaka Matonya, mwambie Tereza, kukitokea msiba asinipigie simu watu wameshazika. Anipigie kabla maji hayajabandikwa jikoni, nije nifanye kazi."