Kavugho Alipopalilia Shamba la Mwenziwe

Kavugho na majani walikuwa maadui tangu Lubero. Huko kwao mlimani, mwanamke aliyeachia shamba lake liote majani hasalimiwi vizuri sokoni, na Kavugho hakuwa mtu wa kunyimwa salamu. Wanaomjua wanaapa kwamba siku moja alipalilia mteremko mzima kati ya misa ya kwanza na ya pili, akawahi sadaka jembe likiwa bado la moto. Sasa ana miaka sitini na mitatu, anaishi Newburg, pembeni mwa Louisville, na vita havijaisha.

Alikuwa na kitalu katika bustani ya wote nyuma ya kanisa, kimepakana na cha Theresia, Mtanzania wa Kilimanjaro, ambaye yeye humwita Mama Wolfgang, naye akiitwa Mama Paluku. Bustani ile ina sheria moja ya kuogofya. Jumamosi ya kwanza ya Novemba, Goreth, Mrundi anayesimamia vitalu, hupita na daftari. Udongo atakaoukuta uchi, haujafunikwa wala kupandwa kitu cha kuulinda na baridi, hupewa mtu mwingine. Na wanaosubiri kitalu ni wengi, we acha tu.

Kavugho alikuwa ameshamaliza yake. Aling'oa mashina ya lengalenga, ule mchicha wa kwao, akakusanya mifuko ya majani makavu ambayo watu wa mtaani huiweka kando ya barabara, akatandaza hadi magotini.

Katikati ya Oktoba Theresia akaenda Reynoldsburg, kule Columbus, binti yake amejifungua. Kavugho akatupa jicho ng'ambo ya mpaka. Loo! Majani mabichi, membamba, yameota kitalu kizima kama nywele za mtoto.

"Maskini," akasema. "Mutu anaenda kuogesha mujukuu, shamba inabakia pori."

Akashika jembe. Alilima mchana kutwa, kwa mapenzi yote. Minyoo, wanasema, ilivuka barabara kutafuta amani. Jioni udongo ulikuwa mweusi, laini, hauna hata unyasi mmoja, na Kavugho akalala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Alhamisi ya mwisho kabla ya ukaguzi, Theresia akapiga simu.

"Shikamoo, Mama Paluku."

"Marahaba. Mutoto anaendelea?"

"Hajambo, analia kama king'ora. Niambie, rai yangu imestawi?"

"Rai gani?"

"Ile niliyopanda Septemba, ndugu yake ngano. Inashika udongo wakati wa theluji, Machi tunaifukia inakuwa mbolea. Goreth alitugawia mbegu, wewe ulikuwa msibani."

Kavugho akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Bon. Iko majani ya kijani, membamba-membamba?"

"Hiyo hiyo!"

"Donc… mama, hiyo nilipalilia."

Kule Reynoldsburg king'ora kikapaza sauti.

"Yote?"

"Yote. Na mizizi."

Theresia alivuta pumzi ndefu. "Mama Paluku, miaka mitano nakilisha mbolea kitalu kile. Jumamosi ni keshokutwa, na mimi nafika kesho jioni."

Kavugho akatoka kutafuta majani makavu. Lori la jiji la kuzoa mifuko lilikuwa limeshapita. Mtaa mzima ulibakiwa na jani moja juu ya mti mmoja, akalitazama, likamtazama.

Ijumaa asubuhi alitandika shuka juu ya kitalu chake, akaanza kuyahamisha majani, mzigo baada ya mzigo. Mwanawe Paluku, anatoka zamu ya usiku ghalani, akamkuta.

"Maman, utapoteza shamba yako!"

"Nani alilima ile ya Mama Wolfgang? Miye ao weye? Basi shika pembe ya shuka."

Theresia alifika jioni na sanduku lake la safari mkononi. Kitalu chake kimevaa hadi shingoni, cha jirani kiko uchi.

"Sasa chako?"

"Goreth atabeba. Nitakuwa nakuja kukuchokoza ku yako."

Theresia akacheka hadi akashika uzio wa bustani. Akaenda kwake, akarudi na mkebe wa maziwa. Ndani, nusu mkebe wa mbegu za rai.

"Nilizisahau juu ya kabati. Sheria inasema kufunikwa au kupandwa. Haya, panda."

"Miye? Nipande majani?"

"Kwa mkono wako mwenyewe."

Kavugho akatazama kulia, akatazama kushoto, kama kuna mtu wa Lubero anapita. Akamwaga mbegu haraka haraka, kama anayetupa ushahidi, akazifukia.

Jumamosi Goreth akasimama mbele ya kitalu kile, kalamu hewani.

"Mama Paluku, hapa sioni kitu. Umepanda?"

"Nilipanda."

"Nini?"

Kavugho akanong'ona.

"Sijasikia, mama."

"Majani!" akapaza sauti. "Miye Kavugho, nilipanda majani! Andika!"

Bustani nzima ikaangua kicheko, Theresia akiongoza. Goreth akainama, akakwangua udongo kwa ncha ya kalamu, akapata punje moja iliyovimba kwa umande. Akaandika jina la Kavugho, kitalu kibaki chake mwaka ujao, akasogea kitalu cha pili.